Mausipisi za zamani za tarumbeta: jinsi ya kuzilinganisha na kuipata inayofaa sauti yako

Adolph Herseth aliingia Chicago Symphony Orchestra mwaka 1948 akiwa mpiga tarumbeta mkuu, na kiti hicho hakukiachia hadi 2001. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipata ajali ya gari iliyompasua mdomo wa chini na kumng'oa meno. Alipopona alihamia mausipisi (kile kipande cha tarumbeta kinachowekwa midomoni) namba 1 ya mtengenezaji Vincent Bach, kubwa kuliko zile walizotumia wapigaji wengi wa okestra wakati huo, ili ukingo usikandamize mahali palipoumia. Rekodi za Chicago zikasambaa duniani, sauti yake pana ikawa kipimo cha tarumbeta ya okestra, na vijana wa vyuo vya muziki vya Marekani wakaanza kutafuta Bach 1 na 1C wasikike kama yeye.

Walichokuwa wakinunua ni tiba ya jeraha la mtu mwingine. Wapo waliofaidika, kwa kuwa midomo yao iliukubali ukubwa ule. Wengine walipoteza sauti za juu, midomo ikachoka kabla ya onyesho kwisha, wakadhani tatizo ni uvivu wao wa mazoezi. Nakianza kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu soko la mausipisi za zamani linaendeshwa na majina: nani alipiga nini, katika rekodi ipi. Kila mausipisi ya zamani ilikuwa jibu kwa midomo fulani, tarumbeta fulani na muziki fulani. Anayeinunua leo anapaswa kwanza kujua ilikuwa ikijibu swali gani, na kama swali lenyewe ni lake.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mausipisi nyingi tulizo nazo hatukuzichagua. Zimekuja na vyombo vya mtumba. Vikundi vya matarumbeta vya makanisa ya Kilutheri kaskazini mwa Tanzania vimepokea vyombo kutoka Ujerumani kwa miongo mingi. Bendi za Jeshi la Wokovu na bendi za polisi zimelelewa kwenye desturi ya Uingereza. Ukifungua sanduku la vyombo la kanisa unaweza kukuta vipande vitano vya shaba, kila kimoja na maandishi yake, na hakuna anayejua kipi ni cha nini. Basi tuanze na kipande chenyewe.

Mausipisi ina sehemu tano zinazofanya kazi. Ukingo ndio unaogusa midomo. Kikombe ni shimo lililo ndani ya ukingo. Koo ni tundu jembamba chini ya kikombe. Baada ya koo kuna njia ya nyuma, inayopanuka taratibu hadi mwisho. Halafu kuna mkia, yaani umbo la nje la sehemu inayoingia kwenye tarumbeta. Watu wengi hulinganisha ukubwa wa ukingo na kina cha kikombe, wakaishia hapo. Ila mausipisi mbili zenye ukingo na kikombe kilekile, moja ikiwa na koo pana na nyingine njia ya nyuma iliyobana, zitakupa tarumbeta mbili tofauti kabisa.

Kwa nini kipande kidogo kama hiki kina nguvu kubwa hivyo? Midomo yako inapopiga, bomba la tarumbeta linakuwa kama limezibwa upande mmoja. Bomba la namna hiyo, likiwa na upana sawa toka mwanzo hadi mwisho, lingetoa noti ambazo mitetemo yake imeachana kwa mpangilio wa 1, 3, 5, 7, yaani mara tatu, tano na saba ya noti ya chini kabisa, na usingeweza kupiga hata wito wa jeshi kwa usahihi. Kengele, ule mdomo mpana wa mbele, huzivuta noti za chini zipande. Mausipisi nayo huzivuta noti za juu zishuke. Kengele na mausipisi vikipatana, noti hujipanga karibu na 2, 3, 4, 5, 6, mpangilio ambao sikio linautambua kuwa ni muziki. Arthur Benade, mwanafizikia wa Cleveland aliyetumia miaka mingi kuchunguza vyombo vya kupuliza, alieleza kwamba mambo mawili ya mausipisi ndiyo yenye uzito zaidi hapa: ujazo wake wote wa ndani, na noti yake yenyewe. Noti hiyo unaweza kuisikia. Piga ukingo kwa kiganja kikavu, kitatoka kishindo kifupi chenye sauti. Fanya hivyo kwa mausipisi mbili, utasikia moja iko juu ya nyingine.

Kutokana na hilo, kikombe chenye kina na njia ya nyuma pana huongeza ujazo: sauti inakuwa nzito na ya giza, na noti za juu huelekea kushuka chini ya sauti sahihi. Kikombe kifupi hupunguza ujazo: sauti inang'aa, inapenya, na noti za juu huelekea kupanda. Midomo ya mpigaji hodari inaweza kusahihisha yote mawili, lakini kila usahihisho unalipwa kwa nguvu ya misuli. Mtu anayesema mausipisi fulani "inachosha" mara nyingi anazungumzia hili bila kujua. Anachoka kwa sababu kutwa nzima anazirudisha noti mahali pake.

Sasa tuje kwa Vincent Bach, kwa kuwa mausipisi za zamani zinazotafutwa zaidi ni zake. Jina lake la kuzaliwa ni Vincenz Schrottenbach; alizaliwa Baden, karibu na Vienna, mwaka 1890, akasomea uhandisi kabla ya kuchagua tarumbeta, akafika Marekani 1914 na kupiga katika Boston Symphony Orchestra. Akiwa safarini alimwachia fundi wa Pittsburgh mausipisi yake irekebishwe, ikaharibika. Mpigaji mwingine angelalamika. Bach, kwa kuwa alikuwa mhandisi, alianza kujifunza kuzitengeneza mwenyewe, na mwaka 1918 alikuwa New York na mashine ndogo ya kukereza inayoendeshwa kwa mguu. Tarumbeta zake zilifuata katikati ya miaka ya 1920. Karakana ilihamia Bronx 1928, kisha Mount Vernon, nje kidogo ya jiji, mwaka 1953. Mwaka 1961 aliiuza kampuni kwa Selmer, na katikati ya muongo huo utengenezaji ukahamishiwa Elkhart, Indiana.

Tarehe hizo ndizo zinazokusaidia kuusoma mhuri. Iliyoandikwa New York ni ya kabla ya 1953, iliyoandikwa Mt. Vernon ni ya miaka kumi na kidogo iliyofuata. Wauzaji hupandisha bei kwa maandishi hayo peke yake. Sababu ipo, ila si fumbo la shaba ya kale. Umbo la kikombe lilikatwa kwa visu vilivyochongwa kwa umbo hilo. Kisu hulika, hunolewa, na kila kikinolewa umbo hubadilika nywele moja. Kwa hiyo 3C (moja ya saizi zake, nitakazozieleza punde) ya miaka ya 1950 na 3C ya miaka ya 1970 zina jina moja na maumbo mawili, na hata 3C mbili za muongo mmoja zinaweza kutofautiana kiasi cha midomo kuhisi. Aliyesema "niliwahi kupiga Mount Vernon 3C, hakuna kama ile" huenda anasema kweli tupu, na bado ile utakayonunua wewe isiwe kama ile. Ndiyo maana nashikilia kwamba mausipisi ya zamani inunuliwe ikiwa mkononi. Picha haitoshi. Ikiwa lazima uagize kutoka mbali, nunua kwa anayekubali kurudishiwa.

Tuje kwenye namba, mahali panapowapoteza wengi. Kwa Bach, namba ikiwa ndogo duara la ukingo ni pana: 1C ni kubwa kuliko 3C, na 3C kuliko 7C. Herufi zinaanza na A, kikombe chenye kina kuliko vyote, zikishuka B, C, D, E kuelekea kikombe kifupi. Namba isiyo na herufi ina kina kuliko C. W ni ukingo mnene uliolala kama mto. Renold Schilke, aliyekaa safu moja na Herseth pale Chicago kabla ya kufungua kiwanda chake mwaka 1956, aligeuza kila kitu. Kwake namba ikipanda upana unapanda, herufi A ni kikombe kifupi na E ni chenye kina, kisha hufuata tarakimu ya umbo la ukingo, 1 ukiwa wa mviringo na 5 ukiwa bapa, na mwisho herufi ndogo ya njia ya nyuma. Ukisoma 14A4a, unajua ukingo ni mpana kiasi, kikombe ni kifupi, ukingo ni bapa kiasi, na njia ya nyuma imebana. Ni mausipisi ya kupanda juu na kung'aa. Yamaha, ambao Schilke aliwasaidia kusanifu vyombo vyao, wanafuata njia yake, kwa hiyo 11B4 inayokuja na tarumbeta zao za wanafunzi haina uhusiano wowote na B ya Bach. Denis Wick, mpiga tromboni wa London Symphony Orchestra, yeye alirudi kwenye namba ndogo yenye upana mkubwa, lakini kwenye mausipisi zake za korneti, ndugu fupi ya tarumbeta, namba bila herufi ni kikombe chenye kina, na B ndiyo inayong'aa zaidi. Ni mambo ya namba za viatu vya mtumba: 42 ya Ulaya na 8 ya Uingereza zinaweza kuingia mguu uleule, na anayesoma tarakimu peke yake atarudi nyumbani na viatu visivyomtosha.

Hata ndani ya Bach peke yake usizitegemee mno. Katalogi inasema 3C ina upana wa milimita 16.30, 5C 16.25 na 7C 16.20. Ukitazama tarakimu hizo utadhani tofauti ni ndogo kiasi cha kupuuzwa. Ukiziweka mdomoni, kila moja inajitangaza. Hii ni kwa sababu midomo haipimi upana. Inahisi mahali palipo kilele cha ukingo, yaani sehemu iliyoinuka zaidi, na inahisi kona ya ndani: je, ni kali au imelainishwa? Ukingo wenye kona kali hushika noti kwa usahihi, lakini hukata midomo ukipiga muda mrefu. Ukingo wenye kona laini hukupa wepesi wa kuteleza kati ya noti, ila mwanzo wa kila noti unaweza kukosa ukali. Isitoshe, kila kiwanda hupima upana kwenye kina chake, na ukingo uliopinda hubadilisha upana kila unaposhuka sehemu ya milimita. Kulinganisha 16.30 ya kiwanda kimoja na 16.30 ya kingine ni kulinganisha vipimo viwili vilivyochukuliwa mahali tofauti. Na C si kina kimoja: 5C nyingi zina kikombe chenye kina kuliko 3C, ingawa herufi ni ileile.

Onyo la haraka kuhusu 7C. Ndiyo mausipisi inayokuja na tarumbeta nyingi za wanafunzi, na viwanda vingi visivyo na uhusiano na Bach hupiga mhuri huo kwenye vipande vyao. Kama 7C uliyo nayo ilikuja na tarumbeta ya bei nafuu isiyo na jina, usihukumu umbo la Bach kwa hiyo.

Tukitoka kwenye okestra, upande wa jazi una mausipisi za zamani zenye tabia kali zaidi, na hapa ndipo kulinganisha kunapofurahisha. Heim, iliyobeba jina la Gustav Heim aliyekuwa mpiga tarumbeta wa Boston na kutengenezwa pia na kiwanda cha Holton, ina kikombe chenye kina kinachoelekea umbo la V, karibu na zile za korneti za zamani. Miles Davis aliipiga tangu ujana wake St. Louis. Ukisikiliza sauti yake ya katikati, iliyonyooka, yenye hewa, bila mtetemo, utaelewa kwa nini kikombe kile kilimfaa: V yenye kina inazima makali ya juu ya sauti na kuacha kiini. Kinyume chake kabisa ni Parduba ya New York yenye vikombe viwili, kimoja kifupi cha juu na kingine kidogo ndani yake, aliyoipiga Harry James. Ile ni sauti ya bendi kubwa za dansi, inayong'aa mpaka ukuta wa nyuma wa ukumbi. Rudy Muck, pia wa New York, alijulikana kwa ukingo mnene wa mto, uliopendwa na waliopiga seti nne kwa usiku na midomo inayohitaji pa kupumzikia. Al Cass wa Milford, Massachusetts, alitengeneza mausipisi zilizotumiwa na Dizzy Gillespie. (Yale mashavu ya Dizzy yaliyovimba hayakutoka kwenye mausipisi, na hakuna mausipisi itakayokupa.) Jet-Tone ilikuja baadaye na vikombe vifupi mno vyenye majina ya wapigaji wa noti za juu kama Maynard Ferguson na Al Hirt.

Hizi nazo zina mtego wa Herseth. Mtu akinunua Heim ili apate sauti ya Miles, atapata kikombe kirefu. Noti zilizoachwa, pumzi iliyopimwa, mahali pa kuingia baada ya kimya, vyote hivyo vilikuwa kichwani mwa Miles. Kwa upande mwingine, nisingependa msomaji aondoke akidhani mausipisi haina maana. Mpigaji ambaye tayari anaisikia sauti nyororo kichwani na anaitafuta kila siku kwa 7C yenye kona kali, akipewa Heim anaweza kuipata sauti hiyo kwa nusu ya jasho. Chombo kinakuondolea kizuizi. Sauti lazima iwe imeshaanza kwako.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kugusa mausipisi yoyote ni muziki unaopiga wiki nzima. Safu za tarumbeta za bendi zetu za dansi, tangu enzi za NUTA Jazz hadi Msondo, hupiga misemo mifupi ya pamoja juu ya magitaa ya umeme, mara nyingi kwenye kumbi za wazi zisizo na kuta za kurudisha sauti. Hapo kikombe chenye kina kitamezwa. Kikombe cha C au hata D, na njia ya nyuma isiyo pana mno, ndicho kitakachopenya bila kukuua. Matarumbeta ya harusi, yanayopigwa juu ya gari linalotembea kwa saa mbili bila kupumzika, yanataka ukingo unaostahimilika kuliko kitu kingine chochote. Kona kali pale ni adhabu, na gari likirukia tuta utakumbuka hivyo. Kikundi cha kanisa kinachopiga nyimbo za sauti nne kinataka kinyume chake: sauti inayochanganyika. Tarumbeta moja yenye kikombe kifupi katikati ya kundi la namna hiyo itachomoza kama mtu anayepiga kelele ndani ya kwaya, hata akipiga noti sahihi.

Ukishajua hilo, chagua ukingo kwanza na uupe muda. Ukingo ni mambo ya mwili wako: unene wa midomo, mpangilio wa meno, mahali unapoiweka. Hakuna mtu anayeweza kukuchagulia kwa kukutazama. Ukiupata unaokaa bila maumivu na unaokuruhusu kuanza noti kwa sauti ya chini kabisa bila hewa tupu kutangulia, ubaki nao, halafu cheza na kikombe. Robert Giardinelli wa New York aliwafaa sana wapigaji kwa kutengeneza mausipisi za kukazwa kwa hesi, ukingo ukitoka na kuhamishiwa kikombe kingine. Giardinelli za zamani zenye hesi bado zinapatikana, na kwa mtu anayelazimika kupiga kanisani asubuhi na bendi usiku, naona ni ununuzi wa busara kuliko Mount Vernon yenye bei ya kutisha.

Sasa ukaguzi wa kipande chenyewe. Anza na koo, kwa sababu ndilo linaloharibiwa kimyakimya. Koo la kawaida la Bach ni la keekee namba 27, sawa na milimita 3.66. Namba za keekee nazo zinakwenda kinyume, ndogo ndiyo pana: 26 ni 3.73, 25 ni 3.80, 24 ni 3.86, 22 ni karibu milimita 4 kamili. Wapigaji wa okestra walikuwa na desturi ya kupanua koo ili hewa ipite kwa wingi, kwa hiyo mausipisi nyingi za zamani zimeshatobolewa na hakuna alama inayosema hivyo. Chukua keekee za milimita 3.6 na 3.7, ingiza upande laini wa nyuma, kamwe si upande wa makali. Kama 3.6 inapita na 3.7 inakataa, koo ni la asili. Kama 3.8 inapita bila kikwazo, kuna mtu alishaibadilisha. Koo pana si kosa kwa mwenye pumzi nyingi anayepiga katika ukumbi mkubwa, lakini aliyezoea 27 ataona hewa inamwishia katikati ya msemo, na koo lililopanuliwa halirudishwi kirahisi.

Kisha ukingo. Uinamishe kwenye mwanga uone kama mstari wa mwanga unazunguka bila kukatika. Mbonyeo mdogo utauhisi kwa kucha kabla macho hayajauona, na midomo itauhisi kabla ya kucha. Tabaka la fedha likiwa limeisha na shaba inaonekana, baadhi ya watu hupata muwasho au vidonda vya mdomo. Waepuke kupiga hadi ichovywe upya, kwa fedha au dhahabu. Dhahabu inateleza zaidi na haiwashi ngozi nyingi, kwa hiyo baadhi ya wapigaji huchovya ukingo peke yake. Jihadhari na ukingo uliokerezwa upya kuondoa mikwaruzo: kila kilichokatwa juu kimepunguza kina cha kikombe na kuhamisha kilele. Ukiona mausipisi ya miaka ya 1940 yenye ukingo mpya kabisa unaong'aa, uliza nani aliugusa na alifanya nini.

Mwisho wa mkia pia huumia. Ukianguka, mdomo wake mdogo hubonyea na kuwa yai badala ya duara. Fundi mwenye chuma laini kilichochongoka anaweza kuuviringisha upya kwa dakika chache. Usimruhusu mtu yeyote kuishika mausipisi iliyokwama kwa koleo. Anaweza kuupinda mkia na kuling'oa bomba la kwanza la tarumbeta kwa pamoja. Kuna kifaa maalumu cha kuvutia, na kila bendi inapaswa kuwa nacho kimoja.

Mkia unatuleta kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi wa mausipisi za zamani hawalijui kabisa: mwanya. Ukiingiza mausipisi, mwisho wa mkia haugusi mwanzo wa bomba la ndani. Unabaki mwanya mdogo. Mkia huingia kama inchi moja au pungufu kidogo. Ukiwa umelika na kuingia zaidi, mwanya unafungika. Ukiwa mnene mno, mwanya unapanuka. Tofauti ya milimita moja inaweza kugeuza tabia ya tarumbeta nzima: noti za juu zinakuwa ngumu kushika, au mwanzo wa noti unapoteza uhakika. Mausipisi ya miaka ya 1930 ilikerezwa kwa ajili ya tarumbeta za wakati wake. Ukiitia kwenye tarumbeta mpya ukaona "haifanyi kazi", jaribu kwanza kuizungushia mkia kipande kimoja cha karatasi nyembamba ili isiingie sana, piga tena, usikilize. Ikibadilika kuwa bora, umejua tatizo ni mkia, na kikombe hakina hatia. Bob Reeves wa California amejenga utaratibu mzima wa mikia ya kubadilishwa kwa ajili ya jambo hili moja.

Kwa wenye korneti na flugelhorn, mkia ni suala la kwanza kabla ya sauti. Korneti za zamani za Besson na Boosey & Hawkes zina tundu jembamba kuliko za sasa; Denis Wick huweka herufi S kwenye mausipisi za korneti hizo. Flugelhorn zina mikia ya namna tatu hivi, na ya Kifaransa ni karibu nyoofu. Ikiwa inacheza ndani ya tundu au inaingia nusu ya inavyopaswa, si yake. Usiilazimishe, na usiihukumu sauti yake.

Kuhusu kujaribu: mpigaji hasikii anachosikia ukumbi. Mausipisi yenye kikombe kirefu hukupa sikioni mwako utajiri mwingi, na mita kumi mbele watu wanasikia ukungu. Yenye kikombe kifupi hukuonekania nyembamba na mbele inang'aa vizuri. Weka simu inayorekodi upande wa pili wa chumba, au bora zaidi, mwite mwenzako anayeijua sauti yako asimame mbali bila kujua umeshika ipi. Piga noti ndefu kwa sauti ya chini. Piga wimbo mmoja unaoujua kwa moyo, wa taratibu. Kisha fungua kipima sauti, kile kinachoonyesha kama noti imepanda au imeshuka, na uangalie mi ya juu, ile ya nafasi ya nne ya mistari, inayopigwa bila kubonyeza vali: kwa asili hushuka kidogo kwenye tarumbeta yoyote, lakini ukiona imeshuka mno kuliko ulivyozoea, ujazo wa mausipisi hiyo ni mkubwa kwa chombo chako. Angalia na sol iliyo juu ya mistari. Ikiwa imepanda na inabidi uivute ishuke, ujazo ni mdogo.

Usifanye uamuzi siku ya kwanza. Dakika kumi za mwanzo kila mausipisi mpya huonekana nzuri, kwa sababu midomo imeshtuka na kuamka. Ukweli hutoka baada ya mazoezi ya siku kadhaa, hasa mwisho wa mazoezi midomo ikiwa imechoka. Na katika kipindi hicho usirukie ya zamani na mpya kila baada ya nusu saa. Misuli midogo ya midomo inajifunza mahali, na ukiihamisha kila mara haijifunzi popote.

Ukishaipata ya zamani inayokufaa, ipime yote na uandike: upana kwenye kina unachokitaja, koo, urefu wa mkia unaoingia. Itakuja kupotea au kuanguka. Wapo watengenezaji wanaoweza kuiskani na kukukerezea nakala kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na nakala hiyo ndiyo ya kubeba kwenye gari la harusi. Ya asili isafishe kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi yake, ukipitisha brashi toka upande wa mkia. Uchafu uliokauka ndani ya njia ya nyuma hupunguza ujazo kama kikombe kilivyofupishwa, na zipo mausipisi za kanisani zinazosemwa kuwa "kali" ambazo hazijawahi kuoshwa tangu zifike.